Gari la Isdori Halisukumwi

Stefania wa Izia alikuwa mwanamke wa kuonja kwanza. Ukiingia kwake ukakuta pombe ya ulezi imetengwa, hukuthubutu kugusa kata mpaka yeye mwenyewe achote, anywe, afute mdomo kwa kiganja, aseme, "Haina kitu. Kunyweni." Ndivyo mwenyeji anavyotakiwa kufanya, ili mgeni ajue hakualikwa kuja kufa. Wengi siku hizi wameacha. Yeye hakuacha, na ukimwuliza kwa nini, angekuuliza wewe uliacha kwa ruhusa ya nani.

Alizaliwa kijiji cha Kate, kwa watu wa matuta na ulezi. Shule aliiona kutoka mlangoni tu. Akaolewa na Isdori seremala, akaletwa mjini Sumbawanga, wakajenga mtaa wa Izia, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye sebule kubwa kuliko vyumba vyote vikiunganishwa. Sebule hiyo ndiyo iliyompa jina, na ndiyo iliyomwacha peke yake.

Isdori alifanya kazi kwenye mradi wa barabara. Mhandisi mmoja wa kule, Mzungu mrefu asiye na mke, alikuwa na sanduku la vigari vya umeme vya kuchezea. Njia yake ina mfereji katikati, kigari kina ulimi chini unaoingia mferejini, na kandokando ya mfereji zimelazwa reli mbili nyembamba za shaba zinazoleta umeme. Unashika swichi mkononi. Ukibonyeza, kigari kinakimbia. Ukiachia, kinasimama. Ukibonyeza kwa tamaa kwenye kona, kinaruka nje kama panzi. Mchezo wote ndio huo. Jumapili, watu wakitoka misa, Isdori na Mzungu wake walikuwa wamepiga magoti sakafuni wakipigiana kelele kama watoto wa chekechea. Mradi ulipoisha Mzungu alikwenda zake, akamwachia Isdori swichi mbili na hamu.

Kisha zikaja siku za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Mitumba ikajaa sokoni, sabuni zikarudi madukani, na karakana aliyokuwa amehamia Isdori ikapata mmiliki mpya. Watu wakapunguzwa. Neno walilotumia lilikuwa hilo hilo, kupunguzwa, kama matawi ya mti wa uani. Isdori alirudi nyumbani na randa yake na patasi zake, akakaa kwenye kiti cha sebuleni akitazama ukuta. Alikaa hivyo mpaka Stefania akaanza kuuogopa ule ukuta.

Siku moja akainuka, akatoa viti nje, akaleta mbao.

"Unajenga nini humu ndani?" Stefania akauliza.

"Barabara."

"Ile ya nje haikutoshi?"

"Ile siyo yangu."

Akaichonga barabara yake kwa patasi, njia mbili zikienda sambamba, zikapanda, zikashuka, zikajikunja. Shaba aliitoa kwenye nyaya za zamani, akaigonga ikawa nyembamba kama utepe. Mteremko mrefu aliuita Kipili, kwa kuwa ukishuka Kipili unakutana na ziwa na safari imekwisha. Kona iliyofuata, kali kuliko zote, inayomwangusha kila mtu, aliiita Kate.

"Kwa nini Kate?" wakamwuliza wenzake.

"Huko ndiko nilikotoa mke."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Stefania jikoni alisikia, akanuna siku nzima, na moyoni akafurahi.

Wenzake hao ndio waliokuja kuwa klabu. Alikuwapo Alois fundi redio, rafiki wa Isdori tangu ujana, aliyesuka mota za vigari kutoka kwenye redio kaseti zilizokufa. Alikuwapo Gabriel Msukuma, aliyefika Rukwa akifuata ng'ombe wa baba yake, akaishia kuuza dawa za mifugo. Na wengineo, watu wazima, wengine na wajukuu. Kila mmoja alichonga kigari chake kwa mti mwepesi, akakipaka rangi. Isdori alichonga Landrova ya kijani, ile aliyopanda mradini, mpaka na tairi la akiba mgongoni. Umeme wa mjini ulikuwa wa kuja na kuondoka kama homa, kwa hiyo vigari vilikimbia kwa betri ya gari iliyochajiwa kwenye mashine ya kusaga.

Majirani waliwacheka. Stefania naye aliwacheka, mpaka alipoona kwamba Jumamosi jioni mume wake ananyoa ndevu.

Kifua kilimchukua Isdori wakati wa baridi. Matanga yalipokwisha, wanaume wa klabu walikuja wakiwa wamevua kofia, Alois mbele.

"Shemeji, tulikuwa tunaomba tukupunguzie mzigo. Zile mbao tuzipeleke kwangu."

"Zimekulalamikia kwamba zinalemea?"

"Hapana, shemeji."

"Basi Jumamosi mje. Na msichelewe."

Walipokuja, walikuta pombe imetengwa na Stefania ameshika swichi ya Isdori, upande wa njia ya ndani, njia ya mwenyeji. Akaonja, akawapa, akakimbiza ile Landrova. Mara ya kwanza iliruka pale Kate ikampiga Gabriel kwenye goti. Lakini kidole kilichochambua ulezi na mchanga tangu utoto kinajifunza haraka, na msimu wa mvua ulipofika, hapakuwa na mwanaume Izia aliyemshinda kwa urahisi. Betri alijitwika mwenyewe kichwani kuipeleka mashineni. Tindikali ilimtobolea khanga zake zote mbili nzuri, akazivaa hivyo hivyo, na matundu yake.

Mchezo ulikuwa na sheria moja ya Isdori. Gari likianguka, aliye karibu hulirudisha. Likisimama lenyewe njiani, halisukumwi; fundi mbaya ajilaumu. Stefania aliishika sheria hiyo kama amri ya kanisa. Jumamosi moja kigari cha Gabriel kilikata pumzi kikiwa kinaongoza, kimebakiza kidogo tu kufika.

"Shemeji, nikiguse kwa ukucha tu."

"Ukucha wako kamguse ng'ombe."

"Kidogo hivi!"

"Halisukumwi. Isdori alisema."

"Isdori amelala, mama yangu."

"Yeye amelala. Sheria haijalala."

"Ninyi Wafipa!" Gabriel akawageukia wenzake, mikono juu. "Mtu akibishana nanyi jioni, asubuhi anakuta radi mliyomtumia imekaa kitandani kwake."

"Kitanda chenyewe unacho, au unalala na ndama?"

Sebule ikavunjika kwa kicheko, Gabriel mwenyewe akicheka kuliko wote. Ndiye mtani wake, Msukuma kwa Mfipa, wanaruhusiana. Lakini kigari hakikusukumwa, na Gabriel alishindwa siku hiyo.

Hizo ndizo zilikuwa Jumamosi za Stefania. Siku nyingine zote za wiki alikuwa mjane wa kawaida, mwenye binti, Herieth, aliyeolewa Mbeya na anayekuja Krismasi akikumbuka. Jumamosi alikuwa mtu wa kuogopwa. Si haba hiyo, kwa mwanamke wa umri wake.

Ndipo akaja Adolfu.

Adolfu huyu alikuwa utingo wa lori la mradi, ndiye aliyekuwa akimbebea Isdori mbao. Ruksa ilipofunguliwa alianza na magunia ya mahindi, akaenda na samaki wakavu wa Kipili, na sasa alikuwa na ukumbi wa bati jipya kule barabarani, wenye friji na televisheni na bia za chupa. Alikuja na samaki, migebuka mikavu, ndani ya gazeti, na sukari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa, Adolfu."

"Ni riziki, mama."

"Sijasema ni dhambi."

Akaonjewa, akanywa, akatazama mbio mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akasema. Amenunua Dar es Salaam njia ya vigari iliyotoka Dubai, nyeusi, ndefu, ya vigari vinne kwa pamoja, na inajihesabia mizunguko kwa kengele. Ataitandaza ukumbini. Hapa watu wanabanana mpaka magoti yanagusa masikio, kule kuna nafasi. Klabu yote ihamie, bure, na mama awekewe kiti cha mbele.

"Kiti cha nani?" Stefania akauliza.

"Chako, mama. Mgeni wa heshima."

"Mgeni wa heshima ni mgeni."

Akawatazama wenzake mmoja mmoja. Gabriel alikuwa anakagua kucha zake. Alois ameinama kwenye betri, anakaza nati ambayo haikuwa imelegea. Stefania akaelewa.

"Kumbe mmeshaongea."

Jambo la uchungu kuliko yote ni kwamba Adolfu hakuwa mtu mbaya. Angekuwa na dharau, ungepata pa kumshikia. Alikuwa na heshima kama mkwe.

"Basi," Stefania akasema, "Jumamosi ijayo, gari lako na gari la Isdori, juu ya barabara hii. Ukishinda, wachukue wote. Nikishinda, hilo sanduku lako la Dubai ulilete hapa nilikalie nikichambua maharage."

"Mama, hatujafika huko."

"Tumefika. Kunywa pombe yako."

Wiki hiyo hakulala vizuri. Aliloweka ulezi, akaanika, akasaga, akapika. Alipeleka betri, akairudisha. Ijumaa Alois alikuja kama desturi yake kusafisha zile reli. Kazi hiyo tangu zamani ilikuwa ya wanaume wawili, Isdori na yeye, na Stefania hakuwahi kuisogelea. Alois alibisha hodi. Stefania alisikia, akamkumbuka alivyokuwa akikaza nati, akanyamaza kimya mpaka akaondoka.

Akazisafisha mwenyewe. Shaba aliijua. Ni nani parokiani aliyekuwa aking'arisha vinara vya altare kabla ya Pasaka, kama si yeye? Unasugua kwa majivu na limao mpaka weusi utoke, unafuta, kisha unapitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ili shaba isirudi kuwa ya kijani. Padre mwenyewe alikuwa akimsifu. Akaisugua barabara yote hivyo, kutoka mwanzo mpaka Kipili, kutoka Kipili mpaka Kate. Njia ya nje akaipitishia kitambaa juujuu tu. Njia ya ndani, njia ya Isdori, akaipaka kwa mapenzi, mara ya pili na ya tatu. Alipowasha taa ya chemli, reli ziling'aa kama pete ya arusi. Akakaa kitako akaziangalia. Alikuwa na hakika kwamba Isdori angefurahi.

Jumamosi watu walijaa mpaka dirishani. Stefania akaonja. "Haina kitu. Kunyweni." Adolfu akaweka njia ya nje kigari chake chekundu, chepesi, cha plastiki. Stefania akaweka ile Landrova. Gabriel akashika kofia juu, akaiachia.

Vigari vikaondoka. Kile chekundu kilikwamakwama kidogo pale mwanzo, kisha kikapata njia. Landrova ilikwenda, ikasita, ikaenda.

"Inakohoa hiyo!" mtu wa dirishani akasema.

"Inakohoa ikikupita!" Stefania akajibu bila kugeuka.

Na kweli ilimpita Adolfu. Mzunguko wa tatu ilishuka Kipili kwa kishindo, na wale watu ambao walikuwa wameshaongea wakasahau kwamba wameongea, wakapiga kelele, "Stefaniaaa! Stefaniaaa!" Alois naye. Alisikika waziwazi. Pale Kate, Landrova ikasimama.

Haikuanguka. Ilisimama tu, wima, katikati ya kona, kama punda aliyekataa. Stefania akabonyeza. Akabonyeza tena mpaka ukucha ukawa mweupe. Adolfu alipoona hivyo aliachia swichi yake, na kigari chake kikasimama palepale kilipokuwa.

Alois ndiye aliyekuwa karibu. Hakuligusa gari. Aliweka kidole kwenye reli, akakinusa, akakisugua na kidole gumba.

"Shemeji," akasema polepole. "Hii shaba imepakwa mafuta?"

Sebule yote ikamtazama.

"Nyumba ni yangu. Nimepaka nilichotaka."

"Mafuta yanazuia umeme, shemeji. Tunasuguaga kwa msasa mkavu. Mkavu kabisa. Brashi za gari, hizi zinazogusa shaba, zimejaa uchafu." Sauti yake ikawa ya kubembeleza. "Ni dakika chache. Nafuta, tunarudia."

"Turudie, mama," Adolfu akasema. "Hii sihesabu mimi."

"Turudie, shemeji!" Gabriel akadakia. "Hata mimi niliyenyimwa ukucha nasema turudie. Wasukuma tunasamehe, hatuna radi."

Watu wakacheka, kicheko cha kumwachia mlango wazi apite. Angecheka nao, ingekuwa imekwisha. Neno moja tu, "Haya, futeni." Lilikuwa mdomoni kabisa, alilihisi kama punje ya ulezi chini ya ulimi. Lakini aliona nyuso zao, akaona huruma, na huruma ndiyo kitu pekee ambacho hakuwahi kukionja kwanza wala mwisho.

"Gari limeanguka?" akauliza.

Wote wakaitazama Landrova.

"Alois, nakuuliza wewe. Limeanguka?"

"Halijaanguka, shemeji."

"Limefanya nini?"

"Limesimama."

"Basi halisukumwi. Adolfu, bonyeza swichi yako umalize."

"Mama, nakuomba..."

"Bonyeza. Usinionee huruma ndani ya nyumba yangu."

Adolfu akabonyeza. Kigari chekundu kikamaliza mizunguko yote peke yake, polepole, watu wameinamisha vichwa kama wako mazikoni. Kila kilipofika Kate kilipita kando ya Landrova, na Stefania alikitazama bila kupepesa. Kilipomaliza akasema, "Umeshinda. Kunyweni, pombe ni nyingi." Walikunywa kidogo. Wengi walisahau kata zao zikiwa nusu.

Jumamosi iliyofuata wawili watatu walipita kumsalimu kabla ya kwenda ukumbini. Aliwapokea amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu. Iliyofuata akapita Gabriel peke yake, akatania, akajibiwa "Marahaba" kama mtoto. Baada ya hapo hakupita mtu. Stefania aliendelea kupika pombe, chungu kikubwa, kisha kidogo, kisha kile cha mboga. Upepo ukivuma kutoka barabarani ulileta muziki wa ukumbi, na ukitulia sana, kengele ile ya Dubai ikihesabu.

Ikaja tena miezi ya baridi. Jumamosi moja jua halijazama, alifunga mlango kwa komeo, akachukua kipande cha msasa kwenye sanduku la zana za marehemu, akasugua reli zote. Mkavu kabisa. Akasafisha brashi za Landrova kwa ncha ya sindano. Akaunga betri. Akabonyeza.

Ikaenda. Haikukohoa. Ilishuka Kipili, ikakata Kate kama kisu kwenye ugali, ikarudi, ikashuka tena. Mlio wa mota ukajaa nyumba, ule mlio wa nyuki ambao kwa ajili yake Isdori alikuwa akinyoa ndevu. Stefania alianza kucheka peke yake, kwa sauti.

"Hodi!"

Sauti ya Alois. Stefania akashtuka. Swichi akaitupa juu ya mbao, akavuta turubai akafunika barabara yote, na juu ya turubai akaweka ungo wa ulezi, haraka, popote ulipoangukia. Akafungua mlango.

"Shikamoo, shemeji. Nimesikia mlio."

"Marahaba. Mlio gani?"

"Kama wa..." Alois akaangalia lile turubai. "Labda masikio yangu."

"Masikio yako. Karibu."

Akakaa. Stefania akachota, akaonja, akampa. Alois alikunywa kama mtu mwenye kiu ya muda mrefu.

"Shemeji, wenzetu wamenituma. Kule hakuna utani. Watu wanacheza, wanalipia chupa zao, wanaondoka. Njoo, hata mara moja. Njoo na gari la Isdori. Adolfu amesema litapewa njia ya kwanza siku zote."

"Nani anaonja huko?"

"Chupa hazionjwi, shemeji. Zimefungwa kiwandani."

"Basi hamnihitaji."

Alois akafungua mdomo kujibu, akasita. Akanusa. Kitu kilikuwa kinaungua, si kuni wala chakula. Ilikuwa harufu chungu ya waya unaoteketea, na kwa fundi redio hakuna harufu anayoijua kuliko hiyo. Stefania naye aliisikia. Akaelewa mara moja: ungo umeikalia swichi, na gari limebanwa na turubai, linavuta, haliendi.

"Shemeji, kuna kitu kinaungua humu."

"Ni chungu changu jikoni."

"Siyo chungu."

"Unanifundisha harufu ya chungu changu?"

Wakatazamana. Moshi mwembamba ulitoka ukingoni mwa turubai, ukapanda kati yao. Ile mota Alois aliisuka kwa mikono yake, usiku wa Pasaka, Isdori akimshikia taa. Alikuwa amenyanyuka nusu, mkono umeshaelekea kwenye ungo. Ilikuwa hatua moja. Stefania hakusogea. Aliketi wima, mikono magotini, macho makavu, akisubiri kuona kama atathubutu.

Alois akarudisha mkono wake. Akaweka kata chini, na ilikuwa tupu.

"Kama siku moja mota ya mtu ikiungua," akasema akiwa mlangoni, bila kumtazama, "mimi bado nasuka."

"Nenda, watakukosa. Kengele inalia."

Alipokwisha kwenda, Stefania alifunga komeo. Akaondoa ungo, akaondoa turubai. Landrova ilikuwa imesimama Kate, katikati ya kona, rangi ya kijani imebabuka kifuani. Akaokota swichi, akakaa upande wa mwenyeji, akabonyeza. Akabonyeza tena. Giza likaingia, naye hakuwasha chemli.

Majirani waliokwenda kwake wakati wa mvua wanasema waliikuta palepale, ina vumbi. Mmoja alinyoosha kidole aisogeze kidogo tu, apate pa kuweka kikombe.

"Wee!" Stefania akamkemea. "Halisukumwi hilo."